Sanduku Dogo, Joto Kubwa

Wahenga walituachia methali kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa kompyuta mambo ni kinyume. Ukiziba ufa, utanunua nyingine. Naam, ndugu msomaji, usicheke. Historia ya kompyuta ndogo za mezani, kwa sehemu kubwa, ni historia ya watu waliotaka sanduku liwe dogo, lipendeze na linyamaze kimya, wakaanza kuziba nyufa moja baada ya nyingine, halafu joto likaja kuwaumbua.

Nimeamua kuiandika historia hiyo humu jaridani kwa sababu inatuhusu. Wengi wetu tunaotunga hadithi tumechoka kupeleka madaftari stationari kuchapiwa ukurasa kwa ukurasa, na hela zenyewe ndiyo hizi za kuungaunga. Tunadunduliza ili kila mmoja apate mashine yake. Tena sisi ni watu wa vyumba vya kupanga: leo uko Buguruni, mwakani uko Mbagala, na meza unayoandikia ndiyo hiyohiyo ya kulia wali. Mashine ya kumfaa mtu wa namna hiyo ni sanduku dogo unaloweza kulihamisha ndani ya kikapu. Utaniuliza, kwa nini usinunue laptopu, yakaisha? Kwa sababu laptopu ya bei ya chini ikipasuka kioo au ikifa kibodi, gharama yake inakaribia bei ya nyingine. Sanduku la mezani unabadilisha kipande kilichokufa, vingine vinaendelea na kazi.

Lakini sanduku dogo lina deni lake, na deni hilo linaitwa joto.

Mimi sikusoma uhandisi. Niliishia kidato cha nne, na fizikia niliyotoka nayo pale ni ile ya kwamba nishati haipotei, hubadilika umbo tu. Kwa somo letu la leo hiyo inatosha. Tuanzie mbali kidogo.

Februari 1946, katika jiji la Philadelphia, Marekani, Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilionyesha hadharani mashine iliyoitwa ENIAC. Ilijaza ukumbi. Uzito wake ulikaribia tani 30, na ndani yake mlikuwa na vali zipatazo 18,000, yaani zile taa ndogo za kioo zilizokuwamo kwenye redio za mababu zetu. Ilikula umeme wa kilowati 150 hivi. Sasa piga hesabu: tuseme jiko moja la umeme linakula kilowati moja na nusu. Basi ENIAC ilikuwa sawa na majiko 100 yaliyowashwa kwa pamoja chini ya paa moja! Mashine ya kusaga angalau inakuachia unga. Kompyuta inakuachia jibu, na jibu halina uzito. Karibu umeme wote ulioingia hugeuka joto. Kwa hiyo wahandisi wa ENIAC walilazimika kuiwekea mashine kubwa za kupuliza hewa. Tangu kompyuta inazaliwa, feni ilikuwapo.

Vali ziliondolewa na transista, iliyobuniwa mwaka 1947 katika maabara za Bell, hukohuko Marekani. Mwaka 1971 kampuni ya Intel ikauza prosesa yake ya kwanza, 4004, iliyobeba transista 2,300 katika kipande kidogo kuliko ukucha. Halafu mwaka 1974 Robert Dennard na wenzake wa kampuni ya IBM wakaandika makala iliyotoa ahadi tamu sana. Walionyesha kwamba transista ikipunguzwa ukubwa, volti na mkondo wake wa umeme navyo vinaweza kupunguzwa kwa kiasi hichohicho. Maana yake ni kwamba unaweza kusongamanisha transista nyingi zaidi mahali palepale, zikafanya kazi kwa kasi zaidi, na joto la eneo lile lisiongezeke. Jamani, nani angekataa?

Mwaka huohuo wa 1974, hapa kwetu Tanzania, Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku hiyo ilikuja kulegezwa baadaye, pole pole. Wenzetu walikuwa wameshika ahadi ya Dennard mkononi, sisi tulikuwa bado hatujaruhusiwa hata kuishika mashine yenyewe. Ndiyo maana historia ninayoisimulia inatokea mbali, na sisi tunaikuta sehemu zake za mwisho, kwenye masanduku ya mitumba.

Sasa tuje kwa mtu aliyeichukia feni kuliko wote. Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi wa Apple, hakupenda kabisa mvumo wa feni mezani. Apple II, iliyotoka mwaka 1977, haikuwa na feni, na haikuaibika. Siri yake ilikuwa kwa fundi mmoja aliyeitwa Rod Holt. Huyu aliitengenezea pawa saplai ya mtindo mwingine, inayouwasha na kuuzima umeme kwa kasi kubwa badala ya kuumeza na kuuchoma, hivyo haikupata moto kama pawa saplai za kawaida za wakati ule. Angalia vizuri hapo: Holt hakuzuia joto lisitoke. Alipunguza joto linalozalishwa. Tofauti hiyo ndiyo itakayotuongoza hadi mwisho wa makala haya.

Ushindi huo ukawalevya. Mwaka 1980 Apple ikatoa Apple III, mashine ya maofisini. Jobs akashikilia palepale: feni hapana, na matundu ya hewa pia hapana. Kasha likafanywa la alumini nzito ili lenyewe libebe joto na kulitoa nje. Kilichofuata kimekuwa kisa cha kusimuliwa. Mashine nyingi zilikuwa zikigoma, na chipu zilikuwa zikilegea katika vikalio vyake. Ushauri waliopewa wateja, amini usiamini, ulikuwa huu: inua mashine inchi chache juu ya meza, halafu iachie ianguke, chipu zitarudi mahali pake. Ebo! Mtu ametoa maelfu ya dola halafu anaambiwa aidondoshe! Mashine 14,000 hivi za mwanzo zikabidi zibadilishwe. Haki isemwe, wapo waliohusika na kazi ile ambao wamelitetea kasha, wakisema ubaya ulikuwa kwenye bodi yenyewe, iliyobanwa njia za umeme hadi zikakaribia kugusana. Lakini hata utetezi huo unatufunza jambo lilelile. Bodi ilibanwa kwa sababu ilitakiwa ienee katika kasha ambalo umbo lake lilikuwa limekwisha amuliwa.

Na bado hawakukoma. Macintosh ya mwaka 1984 nayo ilikuja bila feni, watu wakaibatiza jina la kibaniko cha mkate. Ilipofika mwaka 1987, Macintosh SE ikatoka ikiwa na feni ndani. Wakati huo IBM, ambao hawakuwa na makuu, walikuwa wameiwekea PC yao feni ndani ya pawa saplai tangu mwaka 1981, wala hakuna mtu aliyewatungia jina la jikoni.

Prosesa zenyewe siku hizo zilikaa wazi, bila kitu chochote juu yake. Halafu kasi ikapanda. Pentium ya kwanza, mwaka 1993, ilitoa joto la wati 15 hivi, ikahitaji bamba la alumini lenye mapezi, na mara nyingi feni ndogo juu yake. Miaka 11 baadaye, Februari 2004, Intel ikatoa Pentium 4 ya aina iliyoitwa Prescott, na zile zenye kasi kubwa zilivuka wati 100. Ahadi ya mwaka 1974 ilikuwa inavunjika. Transista zilikuwa zimekuwa ndogo mno kiasi kwamba umeme ulivuja hata zilipokuwa zimezimwa, na volti haikuweza kushushwa tena kama zamani. Mei 2004 Intel ikaifuta prosesa iliyokuwa ifuate, Tejas, kabla haijaona mwanga wa jua. Badala ya kuikimbiza prosesa moja ichemke, wakaanza kuweka viini viwili vinavyokwenda kwa kasi ya wastani, na mwaka 2006 Core 2 Duo ikaja na wati 65. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Kampuni yenye utajiri wote ule iligeuzwa njia na joto.

Katikati ya vurugu hiyo ndipo sanduku dogo tunalolitaka sisi lilipozaliwa. Mwaka 2001 kampuni ya VIA ya Taiwan ilitoa kipimo cha madabodi kinachoitwa Mini-ITX: sentimita 17 kwa 17, mraba unaolala juu ya kaunta buku na nafasi ikabaki. Wakati ule prosesa za VIA zilikuwa dhaifu na baridi, ndiyo maana bodi ndogo hivyo iliwezekana. Leo kwenye mraba uleule watu wanachomeka prosesa zenye joto mara kadhaa ya zile, kisha wanashangaa.

Apple nao walirudi kwenye ndoto yao mara mbili. Mwaka 2000 walitoa Power Mac G4 Cube, mchemraba mzuri ajabu ndani ya plastiki angavu, usio na feni. Hewa ya baridi iliingia chini, ikapata moto, ikapanda yenyewe na kutokea juu kama moshi kwenye bomba. Kwa prosesa ile, mbinu ilikubali. Kilichouangusha mchemraba kilikuwa bei zaidi kuliko joto, na Julai 2001 utengenezaji ukasimamishwa. Mwaka 2013 wakaja na Mac Pro ya duara, mfano wa chupa ya chai, yenye feni moja tu kubwa juu na bamba la pembe tatu katikati ambalo prosesa na kadi mbili za picha zote ziliegemea. Ilikuwa ndogo, kimya, tena yenye nguvu. Lakini kadi za picha zilizofuata zilizidi kuwa na joto, na umbo lile halikuwa na mahali pa kulipeleka. Aprili 2017 wakuu wa Apple walikiri mbele ya waandishi wa habari kwamba walikuwa wamejifungia wenyewe kwenye kona ya joto. Mac Pro ya mwaka 2019 ikarudi kuwa sanduku kubwa, na mbele yake feni tatu pana zimejipanga kama walinzi.

Ukizikusanya habari hizi zote, ndugu msomaji, unaona kanuni moja. Kuna vitu vitatu ambavyo kila mtu anavitaka kwenye kompyuta ya mezani: udogo, ukimya na nguvu. Kwa fedha za kawaida unapata viwili. Cha tatu ni lazima ukiache, na usipokichagua mwenyewe cha kuacha, joto litakuchagulia.

Sasa turudi Dar es Salaam, Kariakoo, mbele ya kabati la kioo la muuza vipuri.

Jambo la kwanza la kukumbuka ni kwamba feni haitengenezi baridi. Inahamisha hewa tu. Sote tunaijua pangaboi saa nane mchana mwezi Februari chini ya paa la bati: inakupulizia hewa kama ya tanuri la mkate. Kompyuta nayo ni hivyohivyo. Vipimo vingi unavyosoma vimefanywa katika vyumba vya nyuzi 20 au 25. Tuseme kipoza fulani kinaiacha prosesa ikiwa nyuzi 45 juu ya joto la chumba. Kwenye chumba cha nyuzi 20 utasoma 65, unatabasamu. Kwenye chumba chetu cha nyuzi 34 utasoma 79, na hapo hujahesabu vumbi wala hewa ya ndani ya sanduku lenyewe iliyokwisha pata moto. Prosesa nyingi za leo zikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi zenyewe, na joto likizidi mashine hujizima. Ikijizima, sura uliyokuwa hujaihifadhi imekwenda na maji. Kwa hiyo muuzaji akikwambia kipoza kinatosha, muulize kinatosha kwa chumba cha nyuzi ngapi.

La pili ni lile la Rod Holt: punguza joto kabla hujafikiria kulitoa. Tafuta kwanza prosesa isiyo na makuu. Zipo za wati 35 na za wati 65, na nyingi za wati 35 zimo kwenye masanduku madogo ya mitumba yaliyotoka maofisini Ulaya. Kila wati usiyoizalisha ni wati ambayo hutanunulia feni.

Baada ya hapo ndipo uje kwenye feni. Feni ya milimita 120 ina eneo mara tisa ya feni ya milimita 40. Kwa hiyo ile kubwa inaweza kuzunguka pole pole na bado ikapitisha hewa nyingi, wakati ile ndogo inabidi ilie kama mbu usiku kucha ili ifikie nusu ya kazi. Hapa ndipo ninapomwelewa Jobs. Ukimya ni haki ya mtu anayeandika, hasa anayeandika usiku na mdogo wake kalala hatua mbili kutoka mezani. Alichokitaka kilikuwa halali. Ila ukimya hauji kwa kuiondoa feni, unakuja kwa kuipa feni nafasi. Kama sanduku lako linapokea feni ya 120 au hata 92, chukua hiyo, na chukua yenye nyaya nne, kwa sababu waya wa nne ndio unaoiwezesha madabodi kuipunguza kasi mashine inapopumzika.

Kipoza cha prosesa kinanunuliwa kwa rula. Pima kutoka uso wa prosesa hadi kifuniko cha sanduku kabla hujatoa pesa. Vipo vipoza vifupi sana: Noctua ya Austria wana kimoja, NH-L9i, chenye kimo cha milimita 37 pamoja na feni yake. Hicho ni kizuri kwa prosesa ya adabu, lakini usikibebeshe prosesa ya wacheza magemu. Ukiwa na nafasi ya milimita 60 au 70 tafuta chenye mirija ya shaba. Ile mirija si mapambo. Ndani yake mna kimiminika kidogo kinachochemka upande wa prosesa, mvuke unakimbilia kwenye mapezi, unapoa, unarudi kuwa maji. Ni sufuria na kifuniko chake, basi.

Halafu angalia njia. Chumba chenye dirisha moja hakina upepo, kila mpangaji anajua. Hewa inataka pa kuingilia na pa kutokea. Kwenye sanduku dogo, weka feni ya kuingiza chini au ubavuni na uiachie hewa itokee juu, kwa kuwa hewa ya moto inapenda kupanda. Na soma vizuri maneno ya kwenye boksi la feni. Zipo feni zinazosifiwa kwa wingi wa hewa, hizo ni za mahali pa wazi. Zipo zinazosifiwa kwa nguvu ya kusukuma, na hizo ndizo za kukaa mbele ya kichujio au kwenye mapezi yaliyobanana. Ukiweka ile ya kwanza mahali pa ile ya pili, itazunguka sana na hewa isipite.

Vumbi letu nalo lisisahauliwe. Afadhali feni zinazoingiza hewa kupitia kichujio zizidi zinazotoa, ili hewa ya ndani iwe inasukuma kutoka kwenye kila ufa badala ya nyufa kuvuta vumbi. Kichujio kisafishwe kila mwezi. Na wale wanaoshawishika na vipoza vya maji, wajue kwamba maji nayo hupelekwa kwenye mapezi yenye feni. Joto halijaruka hatua hata moja, limepanda tu gari jingine, na umeongeza pampu ya kuharibika.

Haya, tuseme wewe unacheza magemu au unahariri video. Nguvu huwezi kuiacha, basi acha udogo, nunua sanduku kubwa ulale usingizi. Au ng'ang'ania udogo ukubali mvumo. Ila sisi watunzi tuna bahati ambayo nadhani hatuithamini. Riwaya nzima ya kurasa 300, ikiwa ni maandishi matupu, haifiki hata megabaiti moja. Prosesa ya wati 35 inaiandika huku inasinzia. Mimi cha kuacha nimekwisha kichagua: nimeacha nguvu. Ninadunduliza sanduku la Mini-ITX, prosesa ya wati 35, kipoza kifupi na feni moja ya 120 inayozunguka pole pole. Sura zangu 11 zimo kwenye madaftari, zinasubiri.

Kama wewe umekwisha unganisha la kwako, tuandikie toleo lijalo utueleze ulipima nyuzi ngapi na chumba chako kiko wapi. Hasa ninyi wa Arusha na Iringa, mnaolala na blanketi. Tunataka kujua mnatuzidi kwa nyuzi ngapi.